Ukihamia Uingereza, tafuta daktari kabla hujaugua

Kwetu Pwani mtu akishikwa na homa ana njia zake. Ataanza kwa kemia wa mtaa, amweleze anavyojisikia, apewe dawa arudi nyumbani. Isipopoa atakwenda zahanati, au kliniki ya daktari anayejuana naye, na mambo yakizidi ndipo apelekwe Makadara. Kila mlango anaweza kuubisha mwenyewe, mradi mfukoni mna kitu.

Mtu huyu akihamia London, Birmingham au Leicester huenda na mazoea haya haya, na hapo ndipo taabu inapoanza. Kemia wa kule hamuuzii antibiotiki kwa kuombwa tu. Akienda hospitali kubwa kwa kikohozi cha wiki mbili ataketi masaa na masaa akipitwa na waliovunjika miguu. Daktari bingwa wa serikali naye hamfikii mpaka aandikiwe barua. Karibu kila kitu kinapitia kwa daktari wa mtaa, ambaye wao humwita GP, na kwa daktari huyo ni lazima uwe umejiandikisha. Nimeona vijana wetu wengi, wauguzi, wanafunzi na kina dada wanaofuata waume zao, wakiagwa kwa nasaha za baridi, kodi ya nyumba na nyama ya halali, lakini hili la matibabu wanaachwa walijue siku ya kuugua.

Nitakayoyataja ni ya England, ambako ndiko wengi wetu wanakokwenda. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao, ingawa msingi ni mmoja.

Umeshalipa kabla ya kupanda ndege

Huduma ya afya ya serikali, NHS, ilianza tarehe 5 Julai 1948, kwa makusudi kwamba gharama zitoke kwenye kodi na mgonjwa asidaiwe mlangoni. Kwa mkaazi bado ni hivyo. Mgeni anayeomba viza ya zaidi ya miezi sita hutozwa ada ya afya pamoja na ada ya viza yenyewe. Tangu Februari 2024 ada hiyo ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na pauni 776 kwa mwanafunzi na kwa mtoto aliye chini ya miaka 18. Inalipwa yote kwa mkupuo, kwa hiyo mtu mzima mwenye viza ya miaka mitatu ametoa pauni 3,105 kabla hajauona uwanja wa ndege wa Heathrow. Wenye viza ya wafanyakazi wa afya na uuguzi, pamoja na familia zao, wamesamehewa ada hii.

Nataja hesabu kwa sababu wako watu waliotoa maelfu hayo, kisha wakifika wanakaa na maumivu chumbani kwa kuogopa kudaiwa. Ndugu yangu, hiyo pesa imeshatoka. Mwenye viza ya aina hii hutibiwa hospitalini kama mwenyeji, isipokuwa mambo machache kama matibabu ya kusaidia kupata mimba. Kitakachomtoa pesa ni dawa za cheti, meno na macho, na hayo hata mwenyeji hulipa.

Kujiandikisha

Fanya hivi wiki ya kwanza, ukiwa mzima. Kwenye tovuti ya NHS unaandika nambari ya posta ya unakoishi na inakuonyesha vituo vya GP vilivyo karibu. Unaweza kujaza fomu mtandaoni, au uingie kituoni uombe fomu ya karatasi. Ni bure.

Wengi wetu hukwama hapa. Mtu amepanga chumba kwa mwenziwe, bili za stima na maji hazina jina lake, na bibi wa mapokezi anamwambia alete barua ya makaazi na paspoti. Anarudi nyumbani na hendi tena. Basi lijulikane: mwongozo wa NHS wenyewe unasema mtu hahitaji kitambulisho, wala uthibitisho wa makaazi, wala karatasi za uhamiaji ili aandikishwe na GP. Kituo kinaweza kuziomba, na kama unazo peleka, zinarahisisha mambo. Lakini kukosa karatasi si sababu ya kukukataa. Wanaweza kukataa kwa sababu kimejaa au unakaa nje ya eneo lao, na hata hapo wanatakiwa wakueleze sababu kwa maandishi. Ukikataliwa, omba hiyo sababu iandikwe, kwa adabu tu. Mara nyingi jambo huisha hapo hapo. Lisipoisha, kuna mashirika ya hisani ambayo husaidia wahamiaji kupata daktari.

Na hili nalisema kwa wale ambao viza zao zimekwisha, maana wako, na kuwanyamazia hakuwasaidii: kumwona GP ni bure kwao pia. Hospitali ni habari nyingine, nitaifikia.

Jambo dogo linalosumbua watu wetu ni majina. Sisi jina ni lako, la babako na la babu yako, na mara Omari, mara Omar. Kule fomu inataka jina la kwanza na la ukoo. Andika kama lilivyo kwenye paspoti, herufi kwa herufi, na uliandike hivyo hivyo kila mahali, kwa GP, hospitali na kemia. Vinginevyo utajikuta una mafaili mawili, na majibu ya damu yako yako kwenye lile lisilotazamwa.

Ukishaandikishwa utakuwa na nambari ya NHS ya tarakimu 10, na utaweza kuweka programu ya NHS kwenye simu, uagizie dawa zako za kila mwezi na kutazama majibu ya vipimo. Mara ya kwanza kuonana nao, nenda na barua kutoka kwa daktari wako wa nyumbani kama una presha, sukari, pumu au selimundu, na pakiti za dawa unazomeza. Majina ya kibiashara hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo mwombe daktari wako huku akuandikie jina la dawa yenyewe na kipimo chake. Habasoda na dawa za miti shamba pia zitaje. Hawatakucheka, na nyingine zinagongana na vidonge.

Dakika kumi

Kupata miadi kuna vita vyake. Vituo vingi hufungua simu saa mbili asubuhi, na kufikia saa mbili na nusu nafasi za siku hiyo zimekwisha. Siku hizi vingi vinapokea maombi kwa mtandao, na njia hiyo huwa nyepesi. Atakayepokea simu atakuuliza una nini. Wengi wetu hukasirika, kwamba karani wa nini kujua maradhi yangu. Anauliza ili ajue akupeleke kwa daktari, kwa muuguzi au kwa mfamasia. Ukiona haya, sema ni jambo la siri, inatosha.

Ukiingia kwa daktari una kama dakika kumi. Sisi tuna tabia ya kuzunguka: salamu, habari za watoto, kisha kichwa kidogo, halafu mkono ukishika kitasa cha mlango ndipo tunasema kwamba tunakojoa damu. Kule anza na hilo la damu. Liandike kwenye karatasi kabla ya kwenda, lini lilianza na linazidi wakati gani.

Kiingereza kisitoshe, mkalimani wa Kiswahili ni haki yako na hulipi. Omba wakati unapoweka miadi, si siku yenyewe. Tafadhali msiwafanye watoto wakalimani wa mama zao. Mtoto wa miaka 11 hawezi kubeba habari ya uvimbe wa titi, na mama naye hatasema yote mbele yake. Mwanamke anaweza kuomba daktari au muuguzi wa kike. Si lazima apatikane siku hiyo, lakini ombi huheshimiwa wakiweza, na wakati wa kupimwa mwili anaweza kudai mtu wa tatu awepo chumbani.

Malalamiko makubwa ninayoyasikia kutoka kwa walioko huko ni kwamba "daktari hakunipa dawa." Umekwenda na mafua na homa, umeambiwa pumzika, kunywa maji, meza panado. Kwa mtu aliyezoea kutoka zahanati na mfuko wa dawa za rangi tatu hii ni dharau. Lakini mafua ya virusi hayasikii antibiotiki, na kwa hili mimi niko upande wao. Sisi huku tumezimeza kama peremende. Unalotakiwa kuuliza kabla ya kutoka ni hili: nikiona dalili gani nirudi, na baada ya siku ngapi? Usipopoa, rudi. Kurudi si usumbufu, na wao huona mgonjwa asiyerudi amepona.

Kemia na bei ya dawa

Kemia wa kule ana kazi zaidi ya kuuza. Tangu mwisho wa Januari 2024 anaweza kutibu mambo saba bila cheti cha GP, miongoni mwao maumivu ya koo, maumivu ya sikio kwa watoto, mkanda wa jeshi, na maambukizo ya mkojo kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64. Akiona yafaa, atakupa hata antibiotiki baada ya kukuhoji kwenye chumba cha faragha.

Dawa ya cheti, tangu Mei 2024, ni pauni 9.90 kwa kila aina, si kwa cheti. Ukiandikiwa tatu ni 29.70. Mwenye dawa nyingi anunue kadi ya malipo ya mbele, pauni 114.50 kwa mwaka au 32.05 kwa miezi mitatu, imalize. Wasiolipa ni watoto chini ya miaka 16, wenye miaka 60 na zaidi, wajawazito na waliojifungua ndani ya miezi 12, na wenye maradhi fulani kama sukari inayotibiwa kwa dawa na kifafa. Selimundu haimo katika orodha hiyo, wala pumu, wala presha, jambo ambalo watu wa asili ya Afrika wamelilalamikia sana, na wana haki. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msamaha kwa fomu iitwayo HC1. Usitie alama ya "silipi" kwenye cheti kama huna hakika, kwa sababu faini huja baadaye kwa posta. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini dawa za cheti ni bure.

Muislamu mwenye wasiwasi na jelatini ya nguruwe kwenye vidonge vya ganda amuulize kemia, naye atatafuta aina nyingine kama ipo. Hali kadhalika chanjo ya mafua ya kunyunyiza puani wanayopewa watoto shuleni ina jelatini hiyo. Mzazi anaweza kuomba ya sindano badala yake. Na mwenye sukari asingoje Ramadhani iingie. Amwone GP wiki kadhaa kabla, wapange upya saa za dawa.

Usiku, au hali ya hatari

Kwa jambo lisiloweza kungoja lakini si la kufa na kupona, piga 111, mchana na usiku, bure. Watakuhoji na kukuelekeza, na ukitaja "Swahili" watakuunganisha na mkalimani. Kifua kinachobana, uso uliopinda upande mmoja, damu isiyokatika, mtoto anayepumua kwa taabu: hizo ni za 999. Hulipi ambulensi.

Homa baada ya likizo nyumbani

Hapa naomba msomaji atulie. Mtu amekaa Uingereza miaka sita, amekuja likizo Kilifi au Kwale mwezi mmoja, amelala bila chandarua kama zamani, amerudi. Wiki mbili baadaye anatetemeka. GP wa kule huenda kwa mwaka mzima hajaona malaria hata moja, na mwezi wa Disemba kila mtu ana homa. Ataambiwa ni mafua. Malaria ya kwetu ni ya aina kali, na huweza kuua kwa siku chache.

Mwaka 2023 Uingereza ilisajili zaidi ya wagonjwa 2,000 wa malaria iliyoletwa kutoka nje, na sehemu kubwa yao ni watu waliotoka kutembelea jamaa zao Afrika. Mwenyeji wa Pwani hudhani ana kinga. Kinga ile hupungua mtu akiondoka, na watoto waliozaliwa huko hawana kabisa.

Kwa hiyo ukipata homa wakati wowote ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka huku, sema sentensi hii kabla ya nyingine yoyote: nimetoka Kenya, kwenye eneo la malaria, nataka kupimwa leo. Sema kwa 111, sema kwa karani, sema kwa daktari. Kama ni usiku au wikendi nenda hospitali kwenye chumba cha dharura, waliko na maabara. Usingoje miadi ya Jumatatu. Wala usijitibu kwa vidonge vya malaria ulivyobeba kwenye sanduku, kwa sababu vitaficha ugonjwa bila kuumaliza. Kupimwa na kutibiwa malaria ni bure kwa kila mtu, awe na viza au hana. Kifua kikuu na ukimwi pia. Dawa ya kinga, ile ya kumeza kabla ya kusafiri, mara nyingi hununuliwa kwa pesa zako, na bei ya familia ya watu watano inauma, lakini nunua.

Mimba na mtoto

Mjamzito hahitaji kungoja GP. Anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa wakunga wa hospitali ya karibu, na miadi ya kwanza wanataka iwe kabla ya wiki 10. Wanaharakisha kwa sababu moja inayotuhusu sana: damu hupimwa selimundu mapema, na mama akiwa na chembe yake, baba naye ataitwa kupimwa. Baba asione anashukiwa. Picha ya kwanza hupigwa kiasi cha wiki 12, ya pili wiki 20. Baada ya kuzaa, mkunga kisha muuguzi wa watoto watamfuata mama nyumbani. Wasipokewe kama wapelelezi.

Mtoto aliyetoka Kenya aende na kitabu chake cha kliniki, maana ratiba ya chanjo ni tofauti na GP atataka kujua zilizobaki. Tohara ya mvulana kwa sababu ya dini sehemu nyingi haifanywi na NHS, hulipiwa binafsi. Wengi huwatahiri watoto wakija likizo. Anayefanya kule achague daktari aliyesajiliwa. Ukeketaji wa msichana ni jinai, hata akivushwa nje kwenda kufanyiwa.

Mama anapokuja kutembea

Bili zinazovunja nyumba hazimkuti aliyehamia. Zinamkuta mama yake. Mama amekuja kwa viza ya matembezi ya miezi sita, hakulipa ada ya afya, ana presha na sukari. GP anaweza kumwona bure, kama mgeni wa muda akikaa chini ya miezi mitatu. Chumba cha dharura pia hakimtozi. Lakini akilazwa kitandani, kuanzia hapo mita inasoma, na asiye mkaazi hutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya NHS. Kiharusi na siku kumi wodini ni maelfu mengi ya pauni. Matibabu ya haraka hawamnyimi kwa kukosa pesa, watatibu kwanza kisha bili ifuate. Yasiyo ya haraka hudai malipo mbele. Mwanamke anayejifungua hawezi kurudishwa wala kucheleweshwa kwa ajili ya malipo, ingawa asiyestahiki atadaiwa baadaye. Waliopewa ukimbizi na wanaoomba hifadhi hawadaiwi.

Deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila mpango, hospitali huipasha habari idara ya uhamiaji, na viza inayofuata yaweza kukataliwa kwa ajili yake. Neno muhimu hapo ni mpango. Bili ikija usiifiche kabatini. Piga simu ofisi ya wageni wa nje ya hospitali hiyo, omba kulipa kidogo kidogo kwa mwezi, na utake makubaliano kwa maandishi. Kama unaona bili si halali, kila hospitali kubwa ina dawati la kusaidia wagonjwa, linaitwa PALS.

Dawa ya haya yote ni bima ya safari, inunuliwe kabla mama hajaondoka Mombasa, na presha na sukari yake zitajwe kwenye fomu. Bima itakuwa ghali zaidi zikitajwa. Zisipotajwa, kampuni ikigundua haitalipa, na utakuwa umenunua karatasi. Abebe pia dawa za kumtosha muda wote wa kukaa, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari, kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye sanduku la chini.

Meno nimeyaacha mwisho kwa sababu habari yake ni fupi. Madaktari wa meno wa NHS wanaopokea wagonjwa wapya ni adimu, sehemu nyingine hawapo kabisa, na wa binafsi ni ghali. Kama una jino linalokusumbua, lizibe au ling'oe huku kabla ya kusafiri.